Programu ya Muziki Inapobadilishwa Sura: Asili Mbili za Malalamiko

Mtu aliyezoea kupiga taipu haviangalii vidole vyake. Akili yake hushughulika na maneno, na vidole vyenyewe hujua kila herufi ilipo. Herufi hizo zikihamishwa usiku mmoja, fundi wa jana atakuwa mwanagenzi wa leo. Hali kama hiyo huwapata watu wengi wanapofungua simu zao na kukuta kwamba programu wanayosikilizia muziki imegeuzwa sura: vitufe vimehama, orodha zimepangwa upya, na pengine baadhi ya kazi za zamani hazipo kabisa. Aghalabu jambo linalofuata ni malalamiko.

Wasanifu wa programu huweza kuyapuuza malalamiko hayo kwa kudai kwamba binadamu hupinga kila kilicho kipya. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Malalamiko ya namna hii yana asili mbili, na asiyezitenganisha huweza kupata hasara kubwa.

Jinsi muziki unavyomfikia msikilizaji

Programu nyingi za muziki hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuleta muziki kutoka mbali. Wimbo huhifadhiwa katika kompyuta kubwa za kampuni, kisha husafirishwa kwa intaneti vipande kwa vipande, hata msikilizaji akaanza kusikia vipande vya mwanzo kabla vya mwisho havijafika. Kazi ya pili ni kutunza maktaba, yaani rekodi ambazo msikilizaji anazo mwenyewe katika kompyuta yake, pengine alizozikusanya na kuzipanga kwa miaka mingi.

Kampuni ya Sonos, iliyoanzishwa mwaka 2002 huko Santa Barbara, California, nchini Marekani, hutengeneza spika zinazotumika kwa kazi zote hizo mbili. Spika kadhaa huwekwa katika vyumba mbalimbali vya nyumba na kuunganishwa kwa mtandao usiotumia waya. Kwa kawaida simu haibebi muziki wenyewe. Simu hutoa maagizo tu, na spika ndiyo inayokwenda kuuchukua wimbo katika intaneti au katika kompyuta ya nyumbani. Kwa hiyo programu iliyomo ndani ya simu ni mfano wa usukani: ukiharibika, chombo hakiendeki vyema hata kama mwili wake ni mzima.

Mabadiliko ya mwaka 2024

Tarehe 7 Mei 2024 Sonos ilitoa programu mpya iliyojengwa upya tangu msingi. Nia yake ilieleweka. Programu ya zamani ilikuwa imerundikiwa nyongeza za miaka mingi, na kampuni ilitaka chombo chepesi ambacho kingerahisisha kuletwa kwa bidhaa mpya. Lakini watumiaji walipoifungua walikuta kwamba mambo waliyoyategemea hayapo. Haikuwezekana kuweka kengele mpya ya kuamshia, wala kuiagiza spika ijizime baada ya muda fulani usiku. Haikuwezekana kurekebisha orodha ya nyimbo zinazosubiri kupigwa, wala kutafuta wimbo katika maktaba ya mtu mwenyewe. Wengine walilalamika kwamba spika zilitoweka katika orodha, au kwamba sauti ilichelewa kupanda na kushuka. Watu wasioona, ambao hutumia programu za kusoma skrini kwa sauti, walipata taabu kubwa zaidi.

Mwanzoni kiongozi mmoja wa kampuni aliyatetea mabadiliko hayo kuwa ni tendo la ujasiri. Malalamiko hayakupoa. Mwezi Julai 2024 Mtendaji Mkuu, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani. Mwezi Agosti kampuni ilikadiria kwamba marekebisho yangegharimu kati ya dola milioni 20 na milioni 30, ikaahirisha kutoa bidhaa mbili mpya. Mwezi huo huo pia wafanyakazi wapatao 100 walipunguzwa kazini. Mwezi Januari 2025 Spence aliacha wadhifa wake, na nafasi yake ikashikwa na Tom Conrad.

Wengi waliuliza kwa nini programu ya zamani isirudishwe. Kampuni ililifikiria jambo hilo, lakini baada ya majaribio ilitangaza kwamba kufanya hivyo kungezidisha matatizo. Sababu ni kwamba haikubadilishwa programu ya simu peke yake. Programu zilizomo ndani ya spika, pamoja na huduma za intaneti zinazoziunganisha, nazo zilikuwa zimebadilika. Daraja lilikuwa limekwisha kuvunjwa nyuma ya msafara.

Asili ya kwanza: mazoea

Mwaka 1981 wanasayansi wa Marekani Allen Newell na Paul Rosenbloom walionyesha kwamba kazi nyingi za akili na mikono hufuata kanuni moja ya mazoezi: mwanzoni mtu huongeza wepesi kwa haraka, kisha maendeleo hupungua kidogo kidogo. Mtumiaji wa miaka kumi yumo mwishoni mwa safari hiyo. Vitufe vikihamishwa, hurudishwa karibu na mwanzo wake, hata kama mpangilio mpya ni bora.

Hisia nazo huongeza uzito. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekiona mara nyingi. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Ndiyo sababu kitufe kimoja kilichoondolewa huweza kuzungumzwa kuliko vitufe viwili vilivyoongezwa.

Malalamiko ya asili hii hupungua kadiri siku zinavyopita. Msanifu mwenye subira huyangoja, huku akiwapa watu maelezo na muda wa kujifunza.

Asili ya pili: kupungukiwa kwa kweli

Malalamiko ya asili ya pili hayaponywi na muda. Mtu aliyenyimwa kengele ya kuamshia hawezi kuizoea kengele isiyokuwapo. Mwenye macho huweza kukitafuta kitufe kilichohamishwa mpaka akakiona. Asiyeona, ikiwa programu inayomsomea skrini haikupewa jina la kitufe hicho, huwa ni kama kimefutwa, japo wengine wanakiona.

Hapa pana jambo zito kuliko usumbufu. Redio iliyonunuliwa zamani ilibaki kama ilivyonunuliwa mpaka ilipoharibika. Chombo kinachoongozwa kwa programu huweza kubadilishwa kutoka mbali baada ya mnunuzi kukilipia, naye akaamka na chombo kisichofanya kazi aliyokinunulia. Kwa mtu asiyeona, ambaye alikuwa akijiendeshea chombo chake bila msaada, badiliko hilo humwondolea sehemu ya uhuru wake.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuzionyesha asili hizi mbili bila ya kompyuta. Kila jozi ya wanafunzi ichore miraba tisa katika karatasi na kuandika ndani yake tarakimu 1 hadi 9 kwa mpangilio wa kawaida. Mwanafunzi mmoja asome tarakimu 30 zilizochanganywa, na mwenzake aguse kila mraba unaotajwa. Tarakimu inayofuata isomwe mara tu mraba sahihi unapoguswa. Muda upimwe kwa saa, na zoezi lirudiwe mara kumi.

Kisha itumike karatasi ya pili ambayo tarakimu zake zimevurugwa. Muda utatazamiwa kuongezeka ghafla, halafu kupungua katika marudio yanayofuata. Mwishowe itumike karatasi ya tatu iliyo kama ya kwanza, ila mraba wa tarakimu 7 umeachwa mtupu, na wanafunzi waambiwe kwamba mraba mtupu hauhesabiwi. Kila tarakimu 7 itakapotajwa mgusaji atakwama, hata akirudia mara mia.

Matokeo ya karatasi ya pili na ya tatu yachorwe katika grafu moja, na wanafunzi waulizwe maswali mawili. Kama wao ndio wasanifu, nao wanapokea malalamiko mia moja siku ya kwanza, watajuaje yapi ni ya karatasi ya pili na yapi ni ya karatasi ya tatu? Na kabla ya kuitoa karatasi mpya kwa watu wote, ni nani waliopasa kupewa kwanza waijaribu?