Programu ya hesabu ikigoma kufunguka, mzigo nao hukwama mpakani

Lori la mchele limeshapakiwa Kahama na dereva yuko tayari kuelekea Rusumo. Mnunuzi wa Kigali anasubiri ankara ili wakala wake aanze taratibu za forodha. Ofisini, karani anaandika nenosiri mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kila mara kioo kinamjibu kwamba hawezi kuingia. Bei imekubaliwa na mzigo upo. Kinachokosekana ni namna ya kufungua daftari la hesabu.

Mkwamo wa aina hii unawapata wafanyabiashara wenye maduka au maghala katika nchi zaidi ya moja, ambao wamehamishia hesabu zao kwenye kompyuta pepe. Programu kama QuickBooks, Tally au Sage huwekwa kwenye seva moja, kisha wafanyakazi wa Mwanza, Kampala na Kigali huifungua kupitia intaneti kana kwamba iko juu ya meza zao. Mwenye mali anaona mauzo ya matawi yote kwa pamoja, bila kusubiri mtu amtumie mafaili. Lakini seva ikigoma, matawi yote yanasimama siku moja.

Na siku hiyo inaweza kuwa mbaya. Kwa wanaowasilisha ritani za VAT kila mwezi, Rwanda na Uganda zinazitaka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na Kenya na Tanzania kufikia tarehe 20. Aliyesajiliwa pande mbili za mpaka ana tarehe mbili za kuzikimbiza kwa vitabu hivyo hivyo.

Jua umekwamia mlango upi

Kosa la kwanza la wengi ni kuendelea kubahatisha nenosiri. Seva nyingi zimepangwa kuifunga akaunti baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa, hivyo tatizo dogo la asubuhi linakuwa kubwa saa nne. Kabla ya kujaribu tena, soma maneno yaliyo kwenye kioo na uyapige picha kwa simu. Fundi atayahitaji.

Mtumiaji hupita milango mitatu. Wa kwanza ni intaneti inayomfikisha kwenye seva. Wa pili ni Windows ya seva hiyo, yenye jina na nenosiri lake. Wa tatu ni programu ya hesabu yenyewe, ambayo nayo ina jina na nenosiri lake. Manenosiri hayo mawili ni tofauti, na mara nyingi karani huandika la mlango mmoja kwenye mlango mwingine.

Ikiwa dirisha la seva halitokei kabisa, piga simu tawi jingine waulize kama wao wanaingia. Kampala wakiingia na Mwanza wasiingie, tatizo liko Mwanza. Hapo washa bando la simu, unganisha kompyuta nalo, ujaribu tena. Ikifunguka, shida ni intaneti ya ofisi na hakuna haja ya kugusa seva. Kama hakuna tawi linaloingia, mpigie anayeitunza seva.

Ukikwama kwenye Windows, uliza kwanza kama nenosiri limekwisha muda. Katika mpangilio wa kawaida wa seva za ofisi zenye watumiaji wengi, nenosiri hudumu siku 42. Aliye ofisini kwenye mtandao wa ndani huombwa aandike jipya. Anayeingia kutoka mbali huweza kukataliwa tu, bila kupewa nafasi ya kulibadilisha, akadhani amesahau. Fundi analiweka upya kwa dakika chache.

Saa, kibodi na laini ya simu

Kuna makosa yanayowapata zaidi wanaovuka mipaka.

La kwanza ni saa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo ziko nyuma kwa saa moja kulinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Msafiri akifika upande wa pili hurudisha saa ya kompyuta mpakato kwa mkono, badala ya kubadilisha eneo la saa. Kwa macho saa iko sawa, lakini kwa hesabu ya ndani ya kompyuta imepotea kwa saa nzima. Windows kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva, na ikizidi hapo inaweza kumkatalia mtu mwenye nenosiri sahihi. Simu nayo ni hivyo hivyo. Namba za siri zinazotengenezwa na programu ya simu hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, kwa hiyo aliyeisogeza kwa mkono hupata namba zisizokubalika. Dawa ni kuacha saa ijipange yenyewe na kuchagua eneo sahihi.

La pili ni kibodi. Bujumbura, Bukavu na Goma hutumia sana kibodi za Kifaransa. Humo herufi A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamishwa, na tarakimu hutaka kubonyeza Shift. Karani aliyezoea kibodi ya Nairobi ataandika nenosiri lake bila kosa la vidole na bado akataliwe, kwa kuwa anachokiona ni nukta tu. Ajaribu kwanza kuliandika kwenye nafasi ya jina, ambako herufi huonekana, kisha alifute. Ahakikishe hakuna anayechungulia.

La tatu ni laini. Namba ya uthibitisho inapotumwa kwa ujumbe mfupi, huenda kwenye laini iliyosajiliwa. Ukiitoa laini hiyo ili kuweka ya nchi uliyofikia, ujumbe haukufikii. Sajili njia ya pili kabla ya safari.

Amefunga dirisha lakini hajatoka

Mlango wa tatu una ujanja wake. Mtumiaji akimaliza kazi hubonyeza alama ya X juu ya dirisha na kwenda zake. Kwa kompyuta pepe, huko si kutoka. Dirisha limefungwa, lakini jina lake bado liko ndani ya seva na programu ya hesabu bado iko wazi. Asubuhi, mwenzake anayetumia jina hilo hilo anaambiwa kwamba tayari linatumika, au nafasi za leseni zimejaa. Msimamizi wa seva ndiye wa kuuondoa uingiaji huo uliobaki, na wafanyakazi wafundishwe kufunga programu kwanza, kisha kuchagua kutoka.

Katika QuickBooks ya kompyuta, mtu mmoja anaweza pia kuwa amebadili faili la kampuni litumiwe na mtumiaji mmoja, labda alipokuwa akifanya marekebisho, akasahau kulirudisha. Wengine wote watabaki nje. Kosa lenye alama H202 lina maana nyingine: kompyuta inashindwa kulifikia faili lililoko kwenye kompyuta nyingine, hivyo kubadilisha nenosiri hakutasaidia. Kwa Tally, angalia leseni uliyonunua. Silver ni ya mtumiaji mmoja, Gold ni ya watumiaji wengi.

Leseni ya seva nayo ina mtego. Windows Server huruhusu huduma ya watumiaji wengi kutoka mbali kwa siku 120 kabla ya kudai leseni zake. Fundi akiifunga na kuondoka bila leseni hizo, kila kitu kitaenda vizuri kwa takriban miezi minne, kisha watumiaji wataanza kukataliwa.

Akaunti moja ikijifunga tena na tena bila mtu kukosea, mwambie fundi asome kumbukumbu za Windows. Namba 4625 ni jaribio lililoshindwa, na 4740 ni akaunti iliyofungwa. Majaribio mengi ya usiku kutoka anwani zisizojulikana ni dalili kwamba seva iko wazi kwenye intaneti na wezi wanabahatisha.

Wakati mnasubiri

Hatari kubwa ya siku hiyo ni ankara ya haraka. Karani huitengeneza pembeni na kuipa namba anayodhani ndiyo inayofuata, mzigo ukaondoka. Kesho yake programu inafunguka na kutoa namba hiyo hiyo kwa mteja mwingine. Hesabu za ofisi na nyaraka zilizokwenda forodha hazilingani tena, na ukaguzi ukija mwenye mali ndiye atakayeeleza. Ni salama zaidi kutenga mapema mfululizo wa namba za dharura wenye herufi yake, na kuingiza kila ankara ya mfululizo huo kwenye programu siku inapofunguka. Risiti za EFD, eTIMS, EFRIS au EBM zina taratibu zake na ankara hiyo haizifuti.

Kutumia jina moja kwa watu watatu ili kuokoa leseni ni gharama iliyojificha. Mmoja akibadilisha nenosiri, wawili wanabaki nje, na punguzo lisiloeleweka likionekana kwenye hesabu hakuna wa kuulizwa.

Mwenye biashara anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne kabla ya kulipia seva: nani ana nenosiri la msimamizi zaidi ya fundi, nakala ya akiba ya hesabu iko wapi nje ya seva hiyo, lini mara ya mwisho nakala hiyo ilifunguliwa na kuonekana nzima, na nani anapokea simu usiku wa tarehe 14.