Je, Wajua? Mazoezi Yanayoandikwa kwenye Cheti

Je, wajua kwamba Australia kuna shahada ya miaka 4 inayomfundisha mtu kuwapimia wagonjwa mazoezi kwa dozi? Aina gani, uzito kiasi gani, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki. Anayehitimu huitwa mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, na akishapata ithibati ya chama chao, ESSA, hupokea wagonjwa wa moyo, kisukari, mapafu, saratani na hata sonona. Ukidhani utashinda uwanjani na wachezaji wa kandanda, umekosea mlango. Mteja wako wa kwanza huenda akawa bibi wa miaka 70 aliyefanyiwa upasuaji wa moyo juzijuzi, anayeogopa hata kupanda ngazi za nyumbani kwake.

Masomo ni anatomia, fiziolojia, biomekaniki, saikolojia, lishe, halafu maradhi yenyewe pamoja na dawa zake. Hilo la mwisho ndilo linalomtenga na mwalimu wa jimu.

Je, wajua kwamba ithibati hiyo inadai saa 500 za mafunzo kwa vitendo? Saa 140 ni za upande wa sayansi ya mazoezi kwa jumla, na 360 ni za wagonjwa. Piga hesabu: hizo 360 peke yake ni wiki 9 za kazi ya kutwa, na kwa kawaida mwanafunzi halipwi hata senti.

Tangu 2006, Medicare, bima ya afya ya taifa ya Australia, inachangia gharama za mtaalamu huyu kwa mgonjwa wa maradhi ya kudumu aliyeandikiwa na daktari wake. Ila usishangilie mapema. Ni mahudhurio 5 tu kwa mwaka, tena ya kugawana na mtu wa lishe, wa fiziotherapia, wa miguu na wengineo. Mgonjwa anatakiwa ajue kujiendesha mwenyewe kabla mara hizo hazijamwishia, na hapo ndipo lile somo la saikolojia linapoonyesha thamani yake.

Je, wajua kwamba taaluma hii ina deni kubwa kwa makondakta wa mabasi? Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jerry Morris alitaka kujua kwa nini mshtuko wa moyo ulikuwa ukiwaua Waingereza wengi kiasi kile. Akawachunguza wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000. Dereva na konda wake walitoka mitaa ileile na kufanya kazi ndani ya basi lilelile la ghorofa. Mmoja alikaa kwenye usukani siku nzima. Mwenzake alipanda ngazi 500 hadi 750 kwa zamu akikata tiketi. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1953: makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na hata walioupata, ulichelewa kuwafikia na haukuwa mkali vile.

Wabishi wakauliza: je, kama madereva walikuwa wanene tangu siku ya kuajiriwa? Morris hakuchoka. Aliomba rekodi za sare za kampuni, akalinganisha viuno vya suruali. Kweli, madereva walivaa kubwa zaidi. Lakini hata alipowalinganisha watu wenye kiuno sawa, dereva bado alikuwa kwenye hatari zaidi. Daktari huyo alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, na mazoezi alikuwa akifanya.

Kulala je? Mwaka 1966 mjini Dallas, Marekani, vijana 5 wa miaka 20 walikubali kulazwa kitandani wiki 3, wazima wa afya, bila kusimama. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye walitafutwa wote watano, sasa wana miaka 50, vitambi na mvi, wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba wiki 3 za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuishi. Sijui takwimu nyingine inayotisha hivi katika fani nzima, na wanafunzi huisikia mapema.

Mmoja wa viongozi wa utafiti huo, Msweden Bengt Saltin, ndiye aliyekuja baadaye kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa kuwapima wakimbiaji wa Kenya.

Je, wajua kwamba zamani mgonjwa wa mshtuko wa moyo alilazwa chali wiki nzima nzima, asiruhusiwe hata kujilisha? Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walithubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti siku za mwanzo. Kiti tu! Ilihesabiwa kuwa mapinduzi.

Je, wajua kwamba kimojawapo cha vipimo vinavyotumika zaidi katika kazi hii hakihitaji mashine? Kinataka ukumbi wa mita 30, koni mbili, kiti na saa. Mgonjwa anatembea akizunguka koni kwa dakika 6, umbali unaandikwa. Ugumu uko kwa mpimaji. Haruhusiwi kutembea mbele ya mgonjwa, asije akamvuta kwa mwendo wake. Haruhusiwi kupiga makofi wala kumshangilia. Kila dakika ikitimia hutamka sentensi fupi iliyopangwa, kwa sauti ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika kadhaa. Basi. Mgonjwa akitaka kuegemea ukuta aegemee, saa haisimami. Maneno ya kutia moyo yakizidi, mita nazo huongezeka, na kipimo cha mwezi ujao hakitalinganishika na cha leo. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, kunyamaza wakati mzee wa watu anahema mbele yako ni mtihani mkubwa kuliko wa darasani.

Cha mashine nacho kipo. Daktari Robert Bruce wa Seattle ndiye aliyebuni utaratibu unaotumika hadi leo kwenye mashine ya kukimbilia: kila baada ya dakika 3 mkanda unaongezwa mwendo na kuinuliwa. Unaanza na kilomita 2.7 kwa saa, mwendo wa kwenda dukani bila haraka, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 10. Mgonjwa amebandikwa vibandiko 10 vya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ngozi husuguliwa kwanza, na wenye nywele kifuani hunyolewa palepale, kwa kuwa kibandiko kilicholegea huchora mawimbi yanayoweza kumtia mtu hofu ya bure.

Je, wajua kwamba ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 toa umri, iliyobandikwa kwenye kuta za jimu, haikutokana na utafiti uliopangwa kwa ajili hiyo? Ilikusanywa kutoka data za watu wengine karibu mwaka 1970. Mwaka 2001 ilipendekezwa nyingine: 208 toa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 60, ya zamani inatoa 160 na mpya 166. Na zote mbili hazifai kitu kwa anayemeza atenolol, kwani dawa hiyo huzuia moyo usiende mbio hata mtu akijikamua vipi. Ukimlazimisha afikie namba ya ukutani utamwangusha.

Huyo hupimwa kwa kuulizwa. Msweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha namba kuanzia 6 hadi 20. Kwa nini kianzie 6? Kwa sababu ukizidisha mara 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya: 6 ni 60 akiwa amekaa, 20 ni 200 akiwa hoi. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole kwenye kadi namba inayolingana na uchovu wake.

Je, wajua kwamba msuli unaojikunja hauhitaji kuisubiri insulini? Protini iitwayo GLUT4 hupanda hadi kwenye utando wa seli na kuingiza sukari, hata pale ambapo mwili umeacha kuisikia insulini. Ni habari njema kwa mwenye kisukari cha aina ya 2. Kwa anayejidunga insulini ni habari ya kuangalia kwa makini, maana sukari inaweza kushuka hadi akaishiwa nguvu. Mtaalamu makini hupima sukari kabla ya kuanza, na juisi au glukosi haikosi karibu naye.

Presha nayo ina tahadhari yake. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipitisha sindano ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyua vyuma ili kuona presha inavyokwenda wakati wanasukuma uzito kwa miguu huku wamebana pumzi. Kwa wastani ilifika 320 kwa 250. Usibane pumzi.

Hata hivyo vyuma havikupigwa marufuku, hata kwa wazee. Chuo Kikuu cha Griffith, Queensland, kiliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi na ambao mifupa yao ilishaanza kupungua. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito hasa, dakika 30, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8, chini ya usimamizi wa karibu. Mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 2.9, wa wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ulipungua.

Kuhusu mizigo, mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya, mwanafiziolojia Geoffrey Maloiy akiwa miongoni mwa waandishi wake. Wanawake Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila nguvu ya mwili inayotumika kuongezeka. Wanajeshi wenye mabegi mgongoni hawawezi.

Je, wajua kwamba Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hawachomi nishati nyingi kwa siku kuliko karani wa Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili? Utafiti wa Herman Pontzer na wenzake wa 2012 uliwapima watu 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Mwili hubana matumizi kwingine. Ndiyo sababu mtaalamu mwaminifu hakuahidi kilo kushuka. Anakuahidi presha, sukari na pumzi.

Zamani waliotibiwa saratani ya matiti walikatazwa kazi nzito za mikono, eti mkono utavimba. Mwaka 1996, Vancouver, daktari Don McKenzie aliwapandisha wanawake 24 wa namna hiyo kwenye mashua ndefu zenye kichwa cha joka, wakapiga kasia msimu mzima. Mikono haikuvimba. Na mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia: waliopewa mpango wa mazoezi wa miaka 3 baada ya matibabu, hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 37. Kuna dawa za bei mbaya zisizofika hapo.

Marekani yote yenye majimbo 50, ni Louisiana pekee inayotoa leseni ya serikali kwa kazi hii. Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa yake huangukia mikononi mwa watu wa fiziotherapia, ambao tayari wana foleni.

La mwisho linatoka Boston, 1990. Wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wastani wa umri miaka 90, walianza kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na 9 wakamaliza. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaweka fimbo zao kando. Kisha wakaacha. Wiki 4 tu za kukaa, na asilimia 32 ya nguvu hiyo ilikuwa imeshaondoka.