Nani Atamlipa Mwenye Kondoo?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mtu aliyeiba na mtu aliyeibiwa. Mara nyingi twamkumbuka yule wa kwanza tu.

Tuseme yuko mama mjane kule Mau Narok, mwenye kondoo sita. Usiku mmoja kijana wa jirani avunja boma, achukua wawili, na kabla ya mapambazuko amekwisha kuwauza. Ashikwa, apelekwa kortini, afungwa. Mama aitwa siku moja kutoa ushahidi. Aulizwa rangi ya kondoo na alama za masikio, kisha aambiwa aende nyumbani. Nauli ya matatu amelipa mwenyewe. Baada ya miaka miwili kijana arudi kutoka gereza la Nakuru, na watu wasema amelipa deni lake. Amemlipa nani? Serikali imemlisha miaka miwili, na mama bado ana kondoo wanne.

Fungueni Kitabu cha Kutoka, mlango wa 22. Hapo mwizi aliyechinja au kuuza kondoo aamriwa kulipa kondoo wanne, na kwa ng'ombe alipe watano. Akikutwa naye mnyama angali hai, hulipa wawili. Tena katika Hesabu mlango wa 5, mkosaji atakiwa kuungama, kurudisha kitu chote, na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Sheria hiyo ilikuwa na ukali wake, kwa maana mwizi asiye na kitu aliuzwa yeye mwenyewe, nasi hatutaki kurudi huko. Lakini hatuoni ndani yake mwizi kufungwa jela ndiyo adhabu yake. Macho yake yako kwa mwenye boma.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya magereza kuletwa na wakoloni. Wakalenjin walikuwa na kokwet, baraza la ujirani chini ya mti, nao Wakikuyu walikuwa na kiama. Kosa lilizungumzwa mbele ya pande zote mbili, na malipo yalitoka zizini.

Mwaka 1974, katika mji wa Elmira nchini Kanada, vijana wawili walilewa wakaharibu mali ya watu 22 kwa usiku mmoja. Afisa wa probesheni, Mkristo wa kanisa la Wamenno, alimshauri hakimu awatume kwa watu hao. Wakaenda mlango kwa mlango, wakasema, "Ni sisi." Baada ya miezi michache walikuwa wamelipa. Wengi huhesabu usiku ule kuwa mwanzo wa mipango ya siku hizi ya kupatanisha mkosaji na mkosewa. Sisi twadhani mzee wa kokwet angeshangaa kuambiwa ni jambo jipya.

Hata sheria ya Kenya imeacha mlango wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yaagiza mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Tangu 1998 iko sheria ya kazi za jamii, ambayo kwayo mwenye kosa dogo aweza kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 yampa aliyeumizwa haki ya kusikilizwa na kufidiwa.

Hata hivyo, ndugu, tusidanganyane. Kuna watu wanaopenda neno upatanisho kwa sababu lafunika mambo. Binti akinajisiwa, na wazee wakakaa jioni wakapokea mbuzi kutoka kwa baba wa kijana, huo si upatanisho. Binti hakuulizwa. Kosa la namna hiyo liende polisi na mahakamani, na kanisa limsindikize binti huko.

Nasi wa Bonde la Ufa tuna jeraha kubwa zaidi. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa huko Molo na Olenguruone. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza jimbo Katoliki la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alipaza sauti wakati wengi walinyamaza. Januari 2008 moto ukawaka tena, Nakuru mjini na Naivasha. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini katika ghasia zile. Mwaka 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin katika Nakuru walitia sahihi mapatano ya amani baada ya mazungumzo marefu, nasi twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mara ngapi tumehubiri "sameheaneni" kwa mtu ambaye mabati yake ayaona juu ya nyumba ya jirani? Zakayo hakuanza kwa kuomba asamehewe. Alisimama akasema atarudisha mara nne. Wala Luka hasemi kwamba watu wa Yeriko walimsamehe siku ile.

Basi turudi Mau Narok. Kijana amerudi, na Jumapili ameketi benchi la nyuma. Mchungaji asikimbilie kwake kwanza. Aende kwa mama, akae jikoni, amwulize anataka nini. Labda ataka kondoo wake. Labda ataka kujua kwa nini kijana alichagua boma lake, ilhali alikula ugali wake tangu utotoni. Naye akisema hataki kumwona, tusimtolee mahubiri. Amelala na hofu miaka miwili.

Akikubali, waketi pamoja, na mzee mmoja wa kila upande. Kijana aseme alichofanya kwa maneno yake, si "shetani alinidanganya" halafu basi. Kisha wapange malipo. Mtu atokaye jela hana kitu, na hapo ndipo washirika tunapojaribiwa: nani atampa kazi ya kuchimba viazi, akijua alikotoka? Paulo, alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, aliandika kwa mkono wake kwamba deni lolote liandikwe juu yake. Hakumwachia Onesimo peke yake.

Mavuno ya kwanza yakatoa kondoo mmoja. Jumapili hiyo tusiwaite wote wawili mbele ya kanisa wakumbatiane ili sisi tupige makofi. Tuwaache. Kondoo wa pili hajalipwa bado.