Nukta na mkato vinavyoweza kumeza mzigo wako Ruvuma

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, akitaka kuandika kilo elfu moja na mia tano za samaki wakavu, huandika 1.500, kama alivyofundishwa kwa Kireno. Mwenzake wa Mtwara, ng'ambo ya Mto Ruvuma, huandika 1,500. Kwenye karatasi hawagombani, maana wanaelewana. Shida huanza wanapojaza fomu ya tovuti.

Tovuti nyingi za zamani za oda na ankara ziliandikwa kwa Perl, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1987 na Mmarekani Larry Wall, na baadhi yake zinafanya kazi hadi leo. Perl ina tabia moja: ikipewa maandishi mahali panapotakiwa namba, haikatai. Husoma tarakimu kuanzia kushoto, na ikikuta alama isiyoielewa, huishia hapo. Hivyo 1,500 ya Mtwara inageuka kuwa 1. Nayo 1.500 ya Palma inakuwa moja na nusu, kwa sababu Perl huichukua nukta kuwa alama ya desimali.

Tuseme kilo ni metikali 100. Mzigo wa metikali laki moja na nusu unatolewa ankara ya metikali 150, au 100 tu. Nani atalipa tofauti, na mzigo umeshavuka mpaka?

Kosa hili ni baya kuliko tovuti kukwama. Tovuti ikikwama, unaona: skrini inaonyesha namba 500, yaani seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, imeshindwa kazi. Hapo usiilaumu simu yako wala bando lako. Lakini kwenye kosa la nukta na mkato, ukurasa unafunguka vizuri na ankara inatoka.

Fundi aangalie wapi?

Seva kama Apache ina daftari lake la makosa. Programu ya Perl ikiwashiwa maonyo, 1,500 huacha mstari humo unaosema kilichoandikwa si namba, pamoja na jina la faili na mstari wa programu wenye tatizo. Fundi hana haja ya kubahatisha. Anakwenda moja kwa moja.

Lakini 1.500 haiachi alama yoyote, kwa kuwa kwa Perl hiyo ni namba halali. Hapo daftari halitoshi. Fundi aijaze fomu mwenyewe, kwa mtindo wa Palma na kwa mtindo wa Mtwara, kisha alinganishe alichoandika na kilichohifadhiwa. Dawa ni programu kupokea tarakimu tupu, kukataa nyingine zote, na kumwonyesha mteja jumla kabla hajathibitisha.

Saa ipi?

Ukimpigia fundi, mtajie saa na nchi. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na seva nyingi hutumia saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Msumbiji kwa saa mbili. Oda ya saa tatu asubuhi Palma ni ya saa nne Mtwara, na kwenye daftari la seva hiyo itaonekana 07:00. Ukisema "saa tatu" tu, fundi atatafuta mahali pasipo na kitu.

Nawe ufanye nini?

Andika 1500, bila nukta wala mkato. Soma jumla kabla ya kuthibitisha, na upige picha ya skrini. Namba 500 ikitokea baada ya kulipa, usilipe tena haraka: huenda programu ilipokea malipo kwanza, ndipo ikaanguka. Tazama ujumbe wa malipo kwenye simu, kisha muulize muuzaji kama oda imeingia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Seva ina daftari lake, lakini kama tulivyoona, kuna makosa lisiyoyaandika. Kwa hiyo andika oda yako pembeni kwa kalamu, na kabla mzigo haujavuka, msomee mwenzako kiasi kwa maneno: elfu moja na mia tano. Kwa Kiswahili, Palma na Mtwara wanaisikia namba hiyo sawasawa.