Uzuri wa Mkakasi: Gauni la Mwanamke katika Enzi ya Rokoko

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu mwenye sura jamali na tabia mbovu. Katika makala haya tutaichukua kwa maana yake ya msingi: chombo kilichonakshiwa nje, ilhali ndani yake ni mti tu. Hivyo ndivyo lilivyokuwa gauni la mwanamke wa tabaka la juu nchini Ufaransa katika karne ya 18. Nje palimeremeta hariri, tepe na maua. Ndani mlikuwa na fito, kamba na, mara nyingi, kipande cha mti hasa.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ana haja gani na magauni ya Wafaransa? Jibu ni kwamba kazi yetu ni kusoma ishara. Mwandishi anapomvika mhusika wake nguo fulani, wengi wetu hulipita fungu hilo upesi kana kwamba ni pambo tupu. Historia ya enzi ya Rokoko inatuonyesha jamii iliyolisoma vazi kwa makini mno, hata gauni moja jepesi likazua kashfa iliyomgusa malkia.

Umbo la Gauni

Rokoko ni mtindo wa sanaa ulioshamiri jijini Paris baada ya kifo cha Mfalme Louis wa 14 mwaka wa 1715. Jina lenyewe linahusishwa na neno la Kifaransa rocaille, yaani pambo la vijiwe na makombe. Mistari ya kupinda, rangi nyororo, majani na maua ndizo zilizokuwa sifa zake kuu. Sifa hizo zilionekana katika kuta, viti na picha, na vilevile katika mavazi.

Mwanzoni mwa kipindi hicho wanawake walivaa gauni pana lililoning'inia kutoka mabegani bila kubana kiuno. Kutokana nalo likazuka gauni lililokuja kuitwa la mtindo wa Kifaransa. Hili lilibana kifua, lakini mgongoni lilikuwa na marinda mapana yaliyoteremka kutoka shingoni hadi sakafuni. Baadaye marinda hayo yalipewa jina la mchoraji Antoine Watteau, aliyefariki mwaka wa 1721, kwa kuwa yanaonekana katika picha zake. Mbele, gauni liliachwa wazi ili sketi ya ndani ionekane, na pengo la kifuani likazibwa kwa kitambaa cha pembetatu kilichopachikwa kwa pini.

Chini ya uzuri huo mlikuwa na ujenzi. Kiwiliwili kilifungwa kwa koseti iliyokazwa kwa vipande vigumu kutoka kinywani mwa nyangumi, na katikati ya kifua ukachomekwa ubao mwembamba ili mvaaji asiweze kupinda mgongo. Kiunoni zilifungwa fremu za fito au za nyangumi vilevile, ambazo Wafaransa waliziita paniers, yaani matenga. Jina hilo liliwafaa, kwani zilitokeza kando mbili za nyonga mithili ya matenga yaliyopakiwa juu ya punda. Mvaaji wa matenga mapana alilazimika kupita mlangoni kwa ubavu. Ujumbe wake ulikuwa bayana: mimi si mtu wa kuinama, kubeba wala kuharakisha, wapo wengine wa kunifanyia hayo.

Mikono Iliyolishona

Gauni moja lilipitia mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na mipaka yake kisheria. Kabla ya mwaka wa 1675, haki ya kushona mavazi rasmi jijini Paris ilikuwa ya chama cha mafundi wanaume. Mwaka huo Louis wa 14 aliwaruhusu washonaji wa kike kuunda chama chao na kuwashonea wanawake na watoto. Hata hivyo, koseti na mavazi rasmi ya ikulu yalibaki mikononi mwa wanaume. Kundi jingine, la wauzaji wa mapambo, lilishughulikia tepe, lesi, manyoya na maua ya bandia.

Ajabu ni kwamba kitambaa kilikuwa ghali kuliko ujira wa mshonaji kwa mbali sana. Hariri yenye nakshi, hususan ile iliyofumwa mjini Lyon, ilithaminiwa mno hivi kwamba gauni lililopitwa na wakati lilifumuliwa na kushonwa upya. Jingine alipewa kijakazi, naye akalivaa au akaliuza kwa wachuuzi wa mitumba.

Katika kundi la wauzaji wa mapambo ndimo alimochomoza Rose Bertin, aliyezaliwa mwaka wa 1747 katika familia isiyokuwa na cheo. Alimpamba Malkia Marie Antoinette, na mnamo 1776, wauzaji hao walipopata chama rasmi, yeye akawa kiongozi wake wa kwanza. Mahasidi walimbandika jina la Waziri wa Mitindo. Ilikuwa dhihaka, lakini ndani yake mna ungamo: sindano ilikuwa imeanza kuonekana kama mamlaka.

Kashfa ya Shimizi

Mwaka wa 1783 mchoraji Elisabeth Vigée Le Brun alionyesha hadharani mjini Paris picha ya Marie Antoinette akiwa na kofia ya ukindu na gauni jeupe la melimeli, lisilo na matenga wala nakshi. Watu walishtuka. Walidai malkia amechorwa akiwa na nguo ya ndani, yaani chemise, neno ambalo ni jamaa ya shimizi yetu ya Kiswahili. Isitoshe, ililalamikiwa kuwa malkia ameitupa hariri ya Lyon na kukumbatia kitambaa cha kigeni. Picha iliondolewa, ikawekwa nyingine akiwa amevaa hariri.

Tuzingatie kinaya kilichopo. Malkia alilaumiwa kwa kuvaa ghali. Alipovaa kirahisi, akalaumiwa zaidi. Gauni zito lilikuwa limemtangaza kuwa malkia. Lile jepesi lilimfanya afanane na mwanamke mwingine yeyote, na raia wakalisoma hivyo.

Na wepesi huo nao ulikuwa na kipande chake cha mti. Sehemu ya pamba na nili iliyoingia Ufaransa ilitoka katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, ambako Waafrika walitumikishwa utumwani. Gauni lililosifiwa kwa usahili liliipa nguvu biashara ya pamba, ambayo sehemu yake ilisimama juu ya migongo isiyoonekana pichani.

Hitimisho

Mnamo Mei 1789, wajumbe wa matabaka matatu walipokutana Versailles, waliamriwa kuvaa kwa kufuata tabaka: makabaila dhahabu na manyoya, wajumbe wa umma nguo nyeusi za kawaida. Oktoba 1793, siku chache baada ya Marie Antoinette kunyongwa kwa gilotini, serikali ya mapinduzi ilitangaza kuwa kila mtu yu huru kuvaa apendavyo, mradi avae nguo ya jinsia yake. Kwamba jambo hilo lilihitaji sheria ni ushahidi tosha kuwa nguo haikuwa nguo tu.

Basi tukutanapo tena na mhusika aliyevikwa gauni, kanzu au buibui, tusimpite. Tuulize ni nani aliyeshona, nani aliyelipa, nani aliyelima pamba, na ni nini kilichofichwa ndani. Mkakasi hausomwi kwa nakshi pekee, sharti ufunguliwe.