Mtungi wa Maji ya Moto Uliozeeka

Asubuhi za Juni na Julai mjini Lubumbashi zina baridi, kwani mji umejengwa kwenye nyanda za juu, kimo cha meta 1,200 hivi. Ndipo wengi wetu tunapoona kwamba mtungi wa umeme wa kupashia maji wanguruma tu, wala maji hayapati moto. Mara nyingi adui ni chokaa. Maji ya visima vya Kimilolo hutoka katika miamba ya chokaa. Yakipashwa moto, chokaa hugandamana na koili.

Kabla ya kuufungua mtungi tuzime swichi kuu, hata kama umeme umekatika mtaani, maana waweza kurudi mikono yetu ikiwa ndani. Tufunge bomba, tungoje maji yapoe, tuyamwage. Kisha tuitoe koili, tuiloweke katika siki, tuparuze magamba kwa kijiti, si kwa kisu. Ikiwa imepasuka, tununue mpya.

Lakini vali ya usalama tusiizibe kamwe. Lita 50 za maji zikipanda kutoka digrii 20 hadi 80 huzidi lita 51, na ziada hiyo hutokea hapo, tone kwa tone. Tukiyazuia matone hayo, mtungi waweza kupasuka na kuwaumiza watoto wetu. Tuweke ndoo chini yake, nayo maji yake yatafulia nguo.