Kura Moja Ina Gharama Gani? Hesabu za Kuhesabu Upya

Kura 11,608 kwa 11,608. Hivyo ndivyo ilivyomalizika hesabu ya kiti cha wilaya ya 94, mjini Newport News, katika Baraza la Wajumbe la jimbo la Virginia nchini Marekani. Uchaguzi ulifanyika tarehe 7 Novemba 2017, na mshindi hakujulikana hadi Januari ya mwaka uliofuata. Kiti chenyewe ni cha eneo moja dogo, lakini kilibeba uzito wa jimbo zima. Kabla ya uchaguzi huo chama cha Republican kilikuwa na viti 66 dhidi ya 34 vya Democratic. Baada ya kura kuhesabiwa, kiti hicho kimoja ndicho kilichosalia kuamua kama baraza lenye wajumbe 100 litagawanyika 51 kwa 49 au 50 kwa 50.

Kila mahali kura zinapokaribiana, mabishano huwa yale yale. Aliyetangulia anataka matokeo yaidhinishwe na watu warudi makwao. Aliyepitwa kidogo anataka karatasi zihesabiwe upya. Wa tatu ni mlipakodi, anayeuliza bili ataletewa nani. Majibu yapo kwenye namba, na namba za Newport News zinafundisha mengi.

Kiti kimoja, hesabu nne

Mjumbe aliyekuwa akitetea kiti, David Yancey wa Republican, alimaliza hesabu ya kwanza akiwa mbele ya Shelly Simonds wa Democratic kwa kura 10. Kati ya kura zipatazo 23,200 za wagombea hao wawili, pengo hilo ni takriban asilimia 0.04.

Tarehe 19 Desemba karatasi zilihesabiwa upya, na Simonds akapanda juu kwa kura moja, 11,608 kwa 11,607. Siku iliyofuata jopo la majaji watatu lilikagua karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando, likampa Yancey kura hiyo. Matokeo yakawa sare. Simonds aliomba uamuzi huo uangaliwe tena, akakataliwa.

Sheria ya Virginia inasema sare huamuliwa kwa bahati nasibu. Tarehe 4 Januari 2018, jijini Richmond, majina mawili yaliwekwa katika vikopo vya filamu ya kamera, vikopo vikatiwa kwenye bakuli, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo, James Alcorn, akachomoa kimoja. Kilikuwa cha Yancey. Chama cha Republican kikabaki na viti 51.

Kwa hiyo tofauti ilitoka 10, ikageuka kuwa 1 upande wa pili, kisha 0. Kwa jumla kuhesabu upya pamoja na uamuzi wa majaji kulisogeza pengo kwa kura 10 tu kati ya zaidi ya 23,000. Huo si ushahidi wa wizi wala uzembe mkubwa. Mizani ya dukani haipimi nusu gramu, na hesabu ya kura nayo ina kiwango chake cha usahihi. Pengo likiwa dogo kuliko kiwango hicho, hesabu ya kwanza haitoshi kumtambua mshindi.

Pengo dogo ni lipi?

Kwa kuwa kila aliyeshindwa angependa kuhesabiwa upya, sheria huweka mpaka. Virginia inamruhusu aliyeshindwa kuomba baada ya matokeo kuidhinishwa, ikiwa tofauti haizidi asilimia 1 ya kura za wagombea wawili wa juu. Tofauti ikiwa asilimia 0.5 au chini, gharama ni ya umma. Kwa kiti cha wilaya ya 94, asilimia 1 ni kura 232 hivi, na asilimia 0.5 ni 116. Kura 10 za Yancey zilikuwa ndani kabisa ya mpaka huo.

Je, mpaka wa asilimia 0.5 umebana mno au umelegea? Taasisi ya FairVote ya Marekani ilipitia chaguzi kuu 6,929 za ngazi ya jimbo zima kuanzia mwaka 2000 hadi 2023. Kura zilihesabiwa upya mara 36 tu, yaani mara moja katika kila chaguzi 192. Kati ya hizo 36, mshindi alibadilika mara 3: ugavana wa Washington mwaka 2004, ukaguzi mkuu wa hesabu wa Vermont mwaka 2006 na useneta wa Minnesota mwaka 2008. Katika zote tatu pengo la awali lilikuwa chini ya asilimia 0.06.

Makosa mengi ya kuhesabu hufutana. Karani mmoja anamkosesha kura mgombea wa kwanza, mwingine anamkosesha wa pili, na mwisho wa siku jumla inasogea kidogo sana. Ndiyo maana anayeshindwa kwa asilimia 2 akadai kuhesabiwa upya anatafuta muujiza, lakini anayeshindwa kwa asilimia 0.04 anadai haki yake.

Bili inakwenda kwa nani?

Washington mwaka 2004 ndiyo mfano wa upande wa faida. Zaidi ya kura milioni 2.8 zilipigwa. Dino Rossi wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura 261. Mashine ziliporudia, uongozi wake ukashuka hadi 42. Chama cha Democratic kikaomba kura zihesabiwe kwa mkono katika jimbo zima, na kwa sheria ya huko kilitakiwa kuweka amana ya senti 25 za dola kwa kila kura, jumla dola 730,000. Hesabu ya mkono ilimpa Christine Gregoire ushindi wa kura 129. Matokeo yalipogeuka, aliyeomba hakustahili kubeba gharama hiyo.

Kutoka nyuma kwa 42 hadi mbele kwa 129 ni msogeo wa kura 171. Ukigawanya amana kwa idadi hiyo unapata takriban dola 4,270 kwa kila kura iliyosogea. Ni fedha nyingi, ila jimbo lilipata gavana aliyechaguliwa kweli badala ya yule aliyeonekana kuchaguliwa.

Wisconsin mwaka 2020 ni mfano wa upande wa hasara. Joe Biden alikuwa mbele ya Donald Trump kwa kura zaidi ya 20,000, takriban asilimia 0.6. Huko umma hulipa pengo likiwa asilimia 0.25 au chini, na hapo halikuwa. Kampeni ya Trump ililipa dola milioni 3 ili kaunti mbili tu, Dane na Milwaukee, zihesabu upya. Dane ilimwongezea Trump kura 45, Milwaukee ikamwongezea Biden 132. Biden aliondoka na faida ya kura 87. Kila kura kati ya hizo iligharimu dola 34,000 na ushee, na zote zilikwenda kwa mpinzani wa aliyelipa.

Mifano hii miwili inaonyesha kanuni iliyo nyuma ya mipaka ya asilimia. Pengo likiwa ndani ya kiwango cha makosa ya kuhesabu, shaka imeletwa na mfumo wenyewe, hivyo mwenye mfumo alipe. Pengo likiwa nje ya hapo, shaka ni ya mgombea, naye ajilipie. Ni kanuni ya haki, kwa sababu haiangalii mfuko wa mtu.

Karatasi moja mezani

Turudi kwenye karatasi iliyoleta sare, maana ndipo kazi halisi ya kuhesabu upya inapoonekana. Mashine inasoma karatasi zilizo safi. Zilizobaki husomwa na watu wawili wawili, kila mmoja wa upande wake, chini ya macho ya waangalizi.

Kwenye karatasi hiyo mpiga kura alijaza wino katika duara la Simonds na pia katika duara la Yancey. Kwa kanuni ya kawaida hiyo ni kura iliyoharibika, kwani nafasi ni moja na majina yamechaguliwa mawili. Lakini duara la Simonds lilikuwa na mstari mmoja wa mshazari uliopita juu yake. Je, mpiga kura alikuwa akifuta kosa lake, au kalamu iliteleza? Juu zaidi, kwenye nafasi ya ugavana, duara la mgombea wa Republican lilijazwa na kisha likawekwa alama ya X. Nafasi nyingine aliwachagua wa Republican.

Siku ya kuhesabu karatasi hiyo haikuhesabiwa kwa yeyote. Kesho yake mmoja wa wahesabuji aliyeteuliwa na Republican aliandika barua mahakamani akisema amebadili mawazo, na majaji wakaona nia ya mpiga kura ilikuwa kwa Yancey. Mtu mwenye busara angeweza kuamua vinginevyo. Ila waliobishana walikuwa na karatasi yenyewe mbele yao, na hilo si jambo dogo. Miezi miwili kabla ya uchaguzi, Septemba 2017, bodi ya Virginia ilikuwa imepiga marufuku mashine za kugusa skrini zisizoacha karatasi yoyote. Penye mashine za aina hiyo, kuhesabu upya ni kubonyeza kitufe kile kile na kusoma namba ile ile.

Kosa lisiloonekana ndani ya sanduku

Kuhesabu upya kuna mipaka yake, na wanaotetea njia hiyo wanapaswa kuisema waziwazi. Mei 2018 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wapigakura 26 wa Newport News waliostahili kupiga kura wilaya ya 94 walipewa karatasi za wilaya jirani, katika kituo kinachoegemea Democratic. Kura zilizokosekana ni 26, na kiti kiliamuliwa kwa bahati nasibu baada ya sare.

Katika uchaguzi huo huo, wilaya ya 28, eneo la Fredericksburg na Stafford, Bob Thomas alimshinda Joshua Cole kwa kura 82, zikawa 73 baada ya kuhesabu upya. Maofisa wa uchaguzi walibaini kuwa wapigakura 147 wa eneo hilo walipewa karatasi zisizo za wilaya yao. Idadi ya waliokosewa ni mara mbili ya pengo. Bodi iliahirisha kuidhinisha matokeo kwa wiki nzima, kisha ikaidhinisha. Hata ukihesabu mara mia, sanduku halitakuambia kwamba karatasi iliyomo haikustahili kuwamo. Dawa ya hilo ni daftari la wapigakura lililokaguliwa mtaa kwa mtaa kabla ya siku ya uchaguzi.

Hesabu ile ile, wadi ya Kenya

Kenya mwaka 2022 ilikuwa na wapigakura 22,120,458 walioandikishwa, vituo 46,229 na wadi 1,450. Kwa wastani kila wadi ina vituo 32, na kila kituo wapigakura 478. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65, yaani watu kama 310 kwa kituo na kura 9,900 kwa wadi.

Sasa chukua kosa dogo kabisa: karatasi moja kuwekwa kwenye fungu la mgombea asiye wake. Kosa hilo linampunguzia mmoja kura na kumwongezea mwingine, hivyo pengo linabadilika kwa 2. Likitokea katika nusu ya vituo, karatasi 16 zinaweza kubadili pengo kwa kura 32 iwapo zote zimeegemea upande mmoja. Mwakilishi wadi anaweza kushinda au kushindwa hapo, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sheria ya Kenya inampa wakala wa mgombea nafasi kituoni. Hesabu ikikamilika, anaweza kumtaka msimamizi wa kituo ahesabu tena, na hilo lisizidi mara mbili. Hiyo ni kinga nzuri na haina malipo, lakini inatumika usiku huo, kabla mtu yeyote hajajua pengo la wadi nzima ni kura ngapi. Fomu 36A, zile za matokeo ya kiti cha wadi, za vituo vyote zikishajumlishwa na mshindi kutangazwa, njia iliyobaki ni mahakama. Mlalamishi ana siku 28 za kufungua kesi, anaweka dhamana ya gharama ya shilingi 100,000 kwa kiti cha wadi au 500,000 kwa kiti cha mbunge au gavana, kisha anasubiri hadi miezi sita. Na hata hapo lazima amshawishi hakimu kwamba vituo anavyovitaja vinastahili kufunguliwa.

Hakuna mpaka wa asilimia. Aliyeshindwa kwa kura 3,000 na aliyeshindwa kwa kura 3 wanapita mlango mmoja na kulipa dhamana ile ile.

Linganisha na gharama ya kazi yenyewe. Sanduku lenye karatasi 310, kila karatasi ikichukua sekunde 10, linamalizika kwa dakika 52. Ukiwa na meza nane katika kituo cha kujumlishia kura, masanduku 32 yanakwisha kwa awamu nne, saa tatu na nusu hivi. Ongeza muda wa kufungua lakiri, kukagua na kutia saini, bado ni kazi ya siku moja. Upande wa pili wa mizani kuna kesi ya miezi sita, mawakili wa pande mbili, hakimu, na wadi isiyojua kama mwakilishi wake atabaki.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Pengo likiwa asilimia 0.5 au chini, ambayo kwa wadi ya wastani ni kama kura 50, masanduku yote yahesabiwe upya kabla ya cheti kutolewa, kwa fedha za umma, bila mgombea kuomba. Mwongozo wa picha unaoonyesha alama zipi ni kura na zipi zimeharibika ubandikwe katika kila kituo, ili wakala na karani wabishane wakiwa na kipimo kimoja. Mwenye pengo kubwa zaidi aendelee kwenda mahakamani na dhamana yake.

Mpaka huo hautamaliza kila kesi, na daftari bovu litabaki kuwa daftari bovu. Lakini utawaondolea wagombea wa wadi mzigo wa kulipia udhaifu wa hesabu ambao si wao walioufanya. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Bunge linaweza kuiandika kanuni hii kabla ya siku hiyo, wakati bado hakuna anayejua itamfaidi nani.